Wikendi ya Peke Yako Hiroshima: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tiketi Hadi Maji Kupwa

Wageni wengi wanaotembelea Hiroshima hulala Osaka. Asubuhi wanapanda treni ya kasi, saa 5 wanaingia makumbusho ya bomu la atomiki pamoja na mabasi mazima ya wanafunzi, mchana wanakimbilia kisiwa cha Miyajima, na usiku wanarudi Osaka wakiwa hoi. Mji wanakuwa wameuona, ila kwa saa zake mbaya kuliko zote. Ushauri wangu mkubwa ni huu: lala Hiroshima usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, ili upate bustani ya amani ikiwa tupu na kisiwa kikiwa kimeshaondokewa na umati. Kwenda peke yako hakukupunguzii kitu. Japani ni nchi ambayo mtu mmoja anakula, analala na kusafiri bila kuulizwa mwenzake yuko wapi.

Nimeandika nikimfikiria mtu ambaye tayari yuko Japani, iwe ni mwanafunzi, yuko kwenye mafunzo, au ametua Tokyo au Osaka kwa likizo. Kama bado uko nyumbani, jua kwamba mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kuondoka, na inaombwa kwenye ubalozi wa Japani ulioko unakoishi. Hilo lianze mapema, kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa.

Hatua ya 1: Chagua wikendi

Kabla ya kuangalia hoteli, angalia vitu vitatu.

Kwanza, sikukuu. Mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya, Wajapani wote wako safarini na bei zinapaa. Tarehe 6 Agosti ni kumbukumbu ya bomu, na vyumba huisha miezi kadhaa kabla. Ukitaka kuhudhuria siku hiyo, iwe ndiyo safari yenyewe, usiichanganye na matembezi mengine.

Pili, ratiba ya Hiroshima Toyo Carp, timu ya besiboli ya mji huo. Wikendi wanayocheza nyumbani, tramu zinajaa mashati mekundu na hoteli karibu na stesheni zinapanda bei. Kwa upande mwingine, kuingia uwanjani peke yako ni burudani hata kama hujui kanuni hata moja, kwa hiyo unaweza kuamua kuifuata timu badala ya kuikwepa.

Tatu, maji ya bahari. Hili wengi hawaliangalii, na ndilo linaloamua utaona nini Miyajima. Nitalieleza kwenye hatua ya 5. Kwa sasa tafuta tu jedwali la kujaa na kupwa la Miyajima kwa tarehe zako; mtandaoni lipo.

Hatua ya 2: Tiketi ya treni

Kutoka stesheni ya Shin-Osaka, treni ya kasi ya Nozomi inafika Hiroshima kwa muda wa chini kidogo ya saa moja na nusu, na nauli ni zaidi ya yen 10,000 kwenda tu. Kutoka Tokyo ni karibu saa nne, na nauli inakaribia yen 20,000. Yen 1,000 kwa viwango vya miaka hii ni kama dola 6 au 7 za Marekani, fanya hesabu yako.

Ile pasi maarufu ya reli ya nchi nzima ilipandishwa bei Oktoba 2023 hadi yen 50,000 kwa siku saba. Kwa wikendi ya mji mmoja haikulipi, hata ukitokea Tokyo. Lakini ukianzia Osaka au Kyoto, na umeingia nchini kwa viza ya matembezi, tafuta pasi ya siku tano ya Kansai hadi Hiroshima inayotolewa na kampuni ya reli ya JR West. Ilikuwa kama yen 17,000 baada ya bei kupanda, na inakubalika kwenye Nozomi kati ya Shin-Osaka na Hiroshima, treni ya kawaida ya kwenda Miyajimaguchi, unakovukia kwenda Miyajima, na pantoni ya JR. Nauli ya kwenda na kurudi tu inazidi bei ya pasi nzima. Wenye viza ya masomo au ya kazi hawaruhusiwi kuitumia. Hao waangalie basi la usiku: linachosha, lakini nauli yake ni ndogo kuliko ya treni kwa mbali, na unaokoa pesa ya chumba.

Sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu chenye nafasi ya mzigo, na kiti hicho huchukuliwa mapema. Kwa siku mbili begi la mgongoni linatosha. Likubwa liache kwenye hoteli ya Osaka au kwenye makabati ya kulipia ya stesheni.

Jambo moja kuhusu saa. Ratiba zote za Japani ziko kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 19:00 ni saa 1 usiku kwa hesabu yetu. Mimi hapa nimetumia saa za Kiswahili. Ukiingiza kwenye simu, badilisha. Treni ya saa 19:02 inaondoka saa 19:02.

Hatua ya 3: Chumba cha mtu mmoja

Tafuta kile Wajapani wanachokiita hoteli ya biashara. Chumba ni kidogo kiasi kwamba ukifungua sanduku sakafuni unalazimika kuliruka, lakini ni kisafi, kina bafu lake, na mara nyingi mswaki, kandambili na nguo ya kulalia vimo. Siku za kawaida kinaweza kupatikana kwa yen 7,000 au 8,000. Jumamosi bei inapanda, wakati mwingine karibu mara mbili, ndiyo maana inafaa kuweka nafasi wiki kadhaa kabla.

Kaa wapi? Una chaguo mbili za maana: karibu na stesheni, au katikati ya mji, maeneo ya Hatchobori na Kamiyacho. Mimi nachagua katikati. Stesheni iko upande wa mashariki na unaihitaji mara chache tu, wakati kutoka Kamiyacho unatembea kwa miguu hadi bustani ya amani usiku na alfajiri, na barabara ya maduka ya Hondori iko mlangoni. Dada anayesafiri peke yake anaweza kuomba hoteli yenye ghorofa ya wanawake. Zipo nyingi, na unaruhusiwa kuuliza bila aibu.

Vyumba hufunguliwa saa 9 alasiri kwa kawaida, lakini mzigo wanakupokelea hata asubuhi, na siku ya kuondoka wanakuhifadhia baada ya kukabidhi ufunguo. Mapokezi watakuomba pasipoti na kuipiga kopi. Ni sheria kwa mgeni asiye na makazi Japani, wala si kwamba wamekutilia shaka.

Hatua ya 4: Ijumaa jioni, pesa, tramu na bustani usiku

Ukishuka, maliza mambo matatu hapo hapo stesheni. Toa pesa taslimu kwenye mashine ya ATM ya 7-Eleven, ambayo inakubali kadi nyingi za nje. Yen 15,000 hadi 20,000 zinatosha wikendi, maana vijiduka na vihekalu vingine havitaki kadi. Hakikisha una kadi ya nauli kama ICOCA au Suica yenye salio. Na kama hujanunua laini au bando la eSIM, tumia intaneti ya bure ya stesheni kupakua ramani ya mji ili ifanye kazi bila mtandao.

Chaja yako ya pini tatu kubwa, za kwetu za Kiingereza, haitaingia ukutani. Japani ni pini mbili bapa na umeme wa volti 100. Simu na kompyuta nyingi zinahimili volti hizo, unahitaji adapta tu. Pasi ya nywele ya nyumbani iache.

Sasa tramu. Hiroshima ina mtandao mkubwa wa tramu, na nauli ndani ya mji ni moja, kama yen 240. Kwenye magari ya zamani unapandia mlango wa nyuma au wa katikati, unagusisha kadi, na unashukia mbele karibu na dereva ukigusisha tena. Ukilipa taslimu unatumbukiza hela kamili kwenye sanduku. Chenji unajibadilishia kwenye mashine iliyo hapo hapo kabla ya kushuka. Usipokee simu ndani. Bomu lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945, tramu zilirudi barabarani tarehe 9, siku tatu tu baadaye, katika kipande kifupi cha njia. Magari mawili yaliyonusurika, namba 651 na 652, yamehifadhiwa hadi leo na bado huingizwa njiani. Ukiona moja linapita, lipande hata kama halikupeleki unakokwenda.

Teremka kituo cha Genbaku Dome-mae, yaani mbele ya kuba la bomu la atomiki. Kuba lenyewe liko mbele yako: jengo la maonesho ya biashara lililokamilika 1915, kazi ya msanifu wa Kicheki Jan Letzel, likabaki mifupa kwa sababu bomu lilipasuka karibu juu yake kabisa, takriban mita 600 angani. Usiku linawashwa taa hafifu na unaweza kulizunguka lote peke yako. Vuka daraja la Aioi, lenye umbo la herufi T, ambalo ndilo marubani walililenga. Halafu ingia bustanini uende polepole hadi kwenye mnara wa kumbukumbu. Simama katikati yake uchungulie: upinde, mwali wa moto uliowashwa 1964, na kuba vinajipanga mstari mmoja. Mchana kuna foleni ya kusimama hapo.

Hatua ya 5: Jumamosi, Miyajima kwa kufuata maji

Msomaji wa Unguja, Mombasa au Bagamoyo hapa hahitaji darasa. Bahari ya Seto inapwa na kujaa kwa tofauti kubwa, na siku za bamvua tofauti hiyo inafika mita kadhaa. Lango jekundu la hekalu la Itsukushima, lenye kimo cha mita 16 na zaidi, halikuchimbiwa chini. Linasimama kwa uzito wake. Maji yakiwa juu ya sentimita 250 kwenye jedwali, hekalu lote linaonekana kuelea. Yakishuka chini ya sentimita 100 unatembea juu ya matope hadi kwenye nguzo zake na kuzigusa. Ukifika katikati ya vipimo hivyo huoni kuelea wala hugusi nguzo, na ndivyo wanavyofika wengi. Panga ukae kisiwani muda wa kutosha kuona hali zote mbili. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita.

Kwenda: treni ya JR kutoka stesheni ya Hiroshima hadi Miyajimaguchi, kama nusu saa, halafu pantoni dakika 10. Tramu namba 2 nayo inafika hadi Miyajimaguchi, lakini inachukua zaidi ya saa nzima. Kuna pia boti ya moja kwa moja kutoka bustani ya amani, dakika 45, ghali lakini tamu. Inapita chini ya madaraja, kwa hiyo maji yakizidi haiendi. Tangu Oktoba 2023 kila mgeni analipa kodi ya kisiwa ya yen 100, hata mwenye pasi.

Paa wanakuja wenyewe. Wanakula karatasi: ramani, risiti, tiketi. Weka kila kitu mfukoni, na usiwalishe.

Baada ya hekalu, watu wengi wanabaki barabara ya maduka wakila vitafunwa. Wewe panda mlima Misen, mita 535. Kuna gari la kebo, lakini halikufikishi kileleni. Bado kuna mwendo wa nusu saa wenye kupanda na kushuka. Ukitaka kupanda kwa miguu tangu chini, pitia hekalu la Daisho-in, saa moja na nusu hadi mbili, ngazi za mawe mfululizo. Kwa kuwa uko peke yako, mwambie mtu yeyote au tuma ujumbe kwamba unapanda, beba maji, na uanze kushuka kabla jua halijainama. Kebo husimama mapema jioni, ukiikosa ni miguu yako na giza.

Karibu saa 11 jioni maduka yanafunga na umati unaelekea bandarini. Usiwafuate. Pantoni zinaendelea hadi usiku. Kaa ukutani pembeni ya maji hadi taa za lango ziwake, ila chakula uwe umeshakula au umenunua, maana ukisubiri hapo hakuna kitakachokuwa wazi.

Hatua ya 6: Kula peke yako, na suala la nguruwe

Chakula cha mji huu ni okonomiyaki ya Hiroshima, na kinaliwa kaunta, mbele ya bamba la moto. Ingia, onyesha kidole kimoja, utaelekezwa kiti. Mpishi anamwaga uji mwembamba wa unga na kuutandaza kwa mgongo wa upawa, kama chapati za maji. Juu yake anarundika kabichi mbichi iliyokatwa nyuzi nyuzi, kilima kirefu kiasi cha kukutia wasiwasi, kisha chipukizi za maharage na vipande vya nyama. Anageuza yote kwa mkupuo mmoja. Kabichi inaiva kwa mvuke wake na kile kilima kinanywea. Pembeni anakaanga tambi, anahamishia mzigo wote juu yake, anapasua yai, analitandaza, anaubwaga mzigo juu ya yai, anapindua tena, anapaka sosi nzito yenye utamu. Anakusogezea kwenye ukingo wa bamba na unakata kwa kijiko bapa cha chuma. Kula kutoka bambani, kinabaki cha moto hadi mwisho.

Ile nyama, kwa kawaida, ni kitimoto. Asiyekula nguruwe aseme mapema: "Butaniku nashi de onegai shimasu", yaani bila nyama ya nguruwe tafadhali, na badala yake aombe ngisi au kamba. Lakini bamba ni moja kwa wateja wote, na sosi na tambi vina viungo usivyoviona. Kwa Mwislamu anayeshika sana, hilo halitoshi: tafuta mtandaoni mgahawa wa mjini wenye kibali cha halali na uthibitishe kabla ya kwenda. Dukani, mkate na biskuti nyingi zina mafuta ya wanyama. Matonge ya wali yenye samoni, matunda, mayai na karanga ndivyo vitakavyokubeba. Kibla kutoka Hiroshima ni magharibi, ukiinama kidogo kaskazini, na sala ni rahisi zaidi chumbani kuliko kutafuta kona mjini.

Wanaokula vyote, msimu wa baridi ni wa chaza. Hiroshima inaongoza Japani nzima kwa kuwafuga, na Miyajima wanachomwa mbele yako barabarani.

Migahawa midogo ina mashine mlangoni: tia hela, bonyeza picha, mpe mhudumu kijitiketi. Bakshishi haitolewi. Ukiiacha mezani watakukimbiza barabarani kukurudishia.

Hatua ya 7: Jumapili asubuhi, makumbusho

Makumbusho ya Amani yanapokea watu zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na Jumapili mchana humo ndani mnasukumana mabega. Kiingilio ni yen 200 kwa mtu mzima. Asubuhi mapema na jioni kuna muda wa watu walionunua tiketi mtandaoni tu. Nunua ya asubuhi, siku kadhaa kabla. Ikikosekana, fika mlango unapofunguliwa kwa wote.

Tenga saa mbili na nusu. Sehemu ya vitu vya marehemu ndiyo nzito: boksi la chakula la mwanafunzi wa miaka 13, chakula kikiwa makaa, ambalo mama yake alilikuta na mwili wake; baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu; ngazi za benki zenye kivuli cha mtu aliyekuwa ameketi. Hapa kuwa peke yako ni neema. Huna wa kumsubiri wala wa kumharakisha, na hakuna atakayekuuliza umeonaje.

Msomaji wa Katanga ana sababu nyingine ya kusimama humo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wao wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo, na wafanyakazi wa Kikongo chini ya kampuni ya Kibelgiji Union Minière. Madini yaliyotoka mikononi mwa watu wanaozungumza Kiswahili yalisafirishwa hadi Marekani, na safari hiyo iliishia huku.

Ukitoka, ukumbi wa kumbukumbu ulio jirani ni bure na kimya. Ukuta wake wa mviringo umepambwa kwa vigae 140,000, idadi inayokadiriwa ya waliokufa hadi mwisho wa 1945. Kisha pitia mnara wa watoto wa 1958, uliochochewa na kifo cha Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili siku ya bomu na kufariki kwa saratani ya damu 1955 akiwa na 12. Korongo wa karatasi, wale ndege ambao Sadako alikuwa akiwakunja, wanaruhusiwa kuachwa hapo. Kama unajua kukunja, njoo na wako.

Usipange kitu kikubwa baada ya hapo. Bustani ya Shukkeien, iliyoanza 1620, iko njiani kuelekea stesheni na inatosha kwa mchana. Ngome ya Hiroshima, ukiwa na muda, itazame kwa nje tu: mnara ni wa saruji, ulijengwa upya 1958.

Ukiwa Mwafrika na uko peke yako

Utaangaliwa, hasa na wazee na watoto. Mara nyingi ni udadisi, na salamu ya kichwa inaumaliza. Polisi wanaweza kukusimamisha na kuomba kitambulisho. Mgeni wa matembezi kisheria anatakiwa kutembea na pasipoti, na mkazi na kadi yake ya ukaazi, kwa hiyo usiiache hotelini. Inaudhi, sitaki kukudanganya, lakini jibu kwa utulivu, onyesha, endelea na safari.

Kwa ujumla mji ni salama hata usiku. Eneo la baa la Nagarekawa ndilo la kuchunga: mtu akikuita barabarani uingie baa yake, kataa. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa 119. Mamlaka ya utalii ina simu ya wageni kwa Kiingereza saa 24, 050-3816-2787, ihifadhi. Ukipoteza kitu, nenda kwenye kibanda cha polisi kilicho karibu au kituo cha tramu, kwa sababu vitu vilivyookotwa hurudishwa mara nyingi sana. Mapipa ya taka ni adimu, tembea na mfuko wako. Vyooni huenda pasiwe na cha kufutia mikono, weka leso.

Hatua ya 8: Kurudi

Weka nafasi ya kiti cha Jumapili jioni siku ile ile unayonunua tiketi ya kwenda. Treni za saa 11 hadi saa 1 usiku zinajaa familia, na kwenye mabehewa ya wasioweka nafasi ya kiti watu wanasimama hadi Osaka. Kwa anayerudi Tokyo, Nozomi ya mwisho huondoka karibu saa 2 usiku, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Fika stesheni saa nzima kabla: chukua mzigo, nunua boksi la chakula la kula ndani ya treni, na keki za momiji manju zenye umbo la jani. Zinazouzwa stesheni ni zile zile za kisiwani, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuzibeba tangu Jumamosi.